Kengele za uongo: Kwa nini kingavirusi huikamata michezo ya kompyuta isiyo na kosa

Mchezo wa kompyuta umepakuliwa kwa saa nne, kifurushi cha intaneti kinakaribia kwisha na usakinishaji umefika asilimia 90. Ghafla dirisha dogo hujitokeza pembeni mwa kioo na kutangaza kwamba kirusi kimekamatwa, faili limeondolewa na kompyuta iko salama. Mchezo wenyewe, ukibonyezwa, haufunguki. Mtumiaji hubaki akijiuliza iwapo ameokolewa katika hatari ya kweli, au mlinzi amemkamata mwenye nyumba.

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Anayeipuuza kengele ya kweli anaweza kupoteza nywila zake, akaunti zake za fedha na kazi zote alizohifadhi. Anayeitii kengele ya uongo hupoteza mchezo alioulipia pamoja na data aliyoitumia kuupakua. Iko pia hasara ya tatu, ambayo hukua polepole. Mtu aliyesumbuliwa mara nyingi na kengele za uongo huzoea kuizima kingavirusi kila anapotaka kusakinisha mchezo, na wahalifu wa mtandaoni wanaijua tabia hiyo na wameijengea biashara.

Kingavirusi, yaani programu ya kuitafuta na kuiondoa programu yenye madhara, inaweza kukosea kwa namna mbili. Inaweza kukipitisha kirusi bila kukiona, au inaweza kulishika faili safi na kulihesabu kuwa kirusi. Makosa hayo yamekaa katika mizani moja: mtengenezaji akiilegeza programu yake ili isisumbue watu, virusi vingi zaidi hupita, akiikaza ili kisipite chochote, wasio na hatia hukamatwa.

Hesabu yenyewe haina huruma. Chukulia kompyuta yenye mafaili 300,000, idadi ambayo si ya ajabu kwa mashine yenye Windows na michezo kadhaa, kisha chukulia kwamba kingavirusi hukosea mara moja tu katika kila mafaili milioni moja. Kwa wastani zingetokea kengele tatu za uongo katika kila kompyuta kumi. Kwa sababu hiyo taasisi zinazozipima programu hizi, kama vile AV-Comparatives ya Austria na AV-TEST ya Ujerumani, hazihesabu tu virusi vilivyokamatwa, bali huhesabu pia mafaili safi yaliyoshikwa kimakosa.

Wanaodhani kwamba makosa ya namna hii huyapata mafaili yasiyojulikana pekee hawana budi kuikumbuka Aprili 21, 2010. Siku hiyo kampuni ya McAfee ya Marekani ilisambaza taarifa mpya za virusi kwa wateja wake. Taarifa hizo, zilizopewa namba 5958, zililitambua faili la svchost.exe la Windows XP kuwa ni kirusi kiitwacho Wecorl. Faili hilo ni miongoni mwa nguzo za Windows. Lilipoondolewa, kompyuta zilianza kujizima na kujiwasha bila kikomo, nyingine zikapoteza mtandao. Shule, ofisi za serikali na makampuni yalisimama, na baadhi ya hospitali za jimbo la Rhode Island zililazimika kuahirisha upasuaji usio wa dharura. Mafundi walitembea kutoka meza hadi meza wakilirudisha faili moja kwa mkono, maana kompyuta isiyo na mtandao haiwezi kutengenezwa kwa mbali.

McAfee haikuwa peke yake. Mei 2007, Symantec iliyaondoa mafaili mawili muhimu ya Windows XP katika toleo la Kichina, na maelfu ya kompyuta nchini China hazikuwaka tena. Novemba 2008, AVG ililishika user32.dll, faili jingine la msingi la Windows. Septemba 2011, kingavirusi ya Microsoft yenyewe iliiondoa Google Chrome katika kompyuta zipatazo 3,000 ikidai kwamba ni Zbot, kirusi cha kuiba nywila za benki. Kisa cha kuchekesha zaidi, kama kuna cha kuchekesha hapa, ni cha Sophos ya Uingereza: Septemba 2012 kingavirusi yake ilikishuku kiungo chake yenyewe cha kupokea masasisho, ikajizuia kuipokea dawa ya kosa lake.

Ikiwa kampuni zenye maabara kubwa zinaweza kulikosea faili lililomo katika mamilioni ya kompyuta duniani, si ajabu zikaukosea mchezo uliotengenezwa na vijana watatu na kupakuliwa na watu mia mbili.

Ili kuelewa kwa nini michezo hasa ndiyo huandamwa, inafaa kutazama jinsi mlinzi huyu anavyofanya kazi. Njia kongwe ni ya saini. Mtaalamu hukichukua kirusi kilichonaswa, hutafuta mfuatano wa herufi za kompyuta ambao ni wa kirusi hicho tu, kisha huuingiza katika orodha inayotumwa kwa wateja. Kila faili lenye mfuatano huo huhesabiwa kuwa limeambukizwa. Hitilafu huzuka pale mfuatano uliochaguliwa unapokuwa si mali ya kirusi, bali ni kipande cha zana aliyoitumia mwandishi wa kirusi. Zana hiyohiyo huenda inatumiwa na maelfu ya waandishi wa programu halali, na wote hao huingia katika wavu mmoja.

Njia ya pili ni ya kukisia. Kwa kuwa virusi vipya huzaliwa kila siku kwa wingi usioweza kuandikiwa saini mojamoja, kingavirusi hulitazama faili na kulipa alama kulingana na dalili zake. Je, limefungwa kwa namna ya kuficha yaliyomo? Linaandika katika folda za mfumo? Linafuatilia kibodi? Linafungua mtandao na kuleta programu nyingine? Alama zikifika kiwango fulani, kengele hulia. Katika miaka ya karibuni kazi hiyo ya kukisia imekabidhiwa kwa kiasi kikubwa kwa mashine zilizofundishwa kwa mifano mingi ya mafaili mabaya na mazuri.

Njia ya tatu ni ya sifa. Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, iliifanya huduma ya SmartScreen kuwa sehemu ya mfumo mzima. Huduma hii haitafuti kirusi. Huuliza tu kama faili linajulikana, nani amelitia saini ya kidijitali, na limeshapakuliwa na watu wangapi. Faili geni husimamishwa kwa dirisha la buluu lenye maneno ya kutisha. Watumiaji wengi huliita dirisha hilo kengele ya kirusi, na hapo huanza mkanganyiko, kwani limesema tu kwamba mgeni huyu hana wa kumdhamini.

Mchezo wa kompyuta hukwama katika njia zote tatu. Kisakinishi chake huja kikiwa kimebanwa. Kikifunguliwa, hujitapanya katika folda ya muda, huandika mafaili katika sehemu za mfumo, hubadilisha kumbukumbu za Windows, huleta viungo vya ziada kutoka mtandaoni na kuanzisha programu nyingine kabla ya kujifuta. Mtu akiisoma orodha hiyo bila kuambiwa ni ya nini, angesema anasomewa mwenendo wa kirusi kinachobeba virusi wenzake. Zana za kutengenezea visakinishi, kama NSIS na Inno Setup, hutolewa bure na kutumiwa na watengenezaji wa michezo duniani kote. Waandishi wa virusi nao huzitumia, kwa sababu ileile kwamba ni za bure na ni nzuri.

Vivyo hivyo kwa programu za kubana kama UPX, ambazo hupunguza ukubwa wa faili na kulifungua lenyewe linapowashwa. Watengenezaji wadogo walizipenda enzi za intaneti ya simu ya mezani, wakati kila kilobaiti ilikuwa na bei. Waandishi wa virusi walizipenda kwa kuwa kirusi kilichobanwa hakifanani tena na saini yake. Matokeo yake, baadhi ya kingavirusi zilianza kulishuku kila faili lililobanwa kwa namna hiyo.

Halafu kuna ulinzi wa hakimiliki, na hapa sekta ya michezo yenyewe haina budi kubeba sehemu ya lawama. Kwa miaka mingi kampuni kubwa zimeifungia michezo yao ndani ya kufuli ili isinakiliwe. Kufuli hizo, miongoni mwake SafeDisc, SecuROM, StarForce na baadaye Denuvo iliyoanza kusikika mwaka 2014, huficha programu ya mchezo, hukataa kuchunguzwa na nyingine husakinisha draiva ndani kabisa ya mfumo. StarForce ya Urusi ililalamikiwa kiasi kwamba Ubisoft ya Ufaransa ilitangaza kuachana nayo mwaka 2006. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, haikuipokea tena draiva ya SafeDisc kwa kuwa ilionekana kuwa ni mwanya wa usalama, na michezo mingi ya zamani, iliyonunuliwa kihalali katika diski, ikaacha kufunguka.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mpaka kati ya ulinzi na uhalifu ulivyo mwembamba ulitokea mwaka 2005, na ulianzia katika muziki. Oktoba mwaka huo iligunduliwa kwamba baadhi ya diski za muziki za Sony BMG zilikuwa zikisakinisha kwa siri programu ya kuzuia kunakili. Programu hiyo ilificha kila faili ambalo jina lake lilianza kwa herufi fulani. Haukupita muda, wachezaji wadanganyifu wa World of Warcraft waligundua kwamba wakizipa programu zao za udanganyifu majina yanayoanza kwa herufi hizo, askari wa mchezo huo aitwaye Warden hawaoni. Novemba, waandishi wa virusi nao wakajificha chini ya blanketi hilohilo. Kingavirusi zilipoanza kuishika programu ya Sony BMG, kengele hiyo ilikuwa ya kweli au ya uongo? Mwenye diski alikuwa ameinunua dukani na kuilipia.

Swali kama hilo limerudi katika programu za kuzuia udanganyifu katika michezo ya mtandaoni. Ili kumkamata mchezaji anayetumia hila, programu hizi huchungulia kumbukumbu ya programu nyingine na hukaa katika kiini cha mfumo, mahali ambapo kingavirusi yenyewe hukaa. Vanguard, iliyoletwa mwaka 2020 pamoja na mchezo wa Valorant, huanza kufanya kazi tangu kompyuta inapowashwa. Walinzi wawili wenye funguo zote za nyumba moja hawakosi kushukiana.

Na wakati mwingine shaka hiyo ina msingi. Agosti 2022, Trend Micro ilieleza jinsi wahalifu walivyoichukua draiva ya kuzuia udanganyifu ya mchezo wa Genshin Impact, wakaipeleka katika kompyuta ambazo hata hazikuwa na mchezo huo, na kuitumia kuizima kingavirusi kabla ya kuyafunga mafaili ya wenyewe na kudai fidia. Draiva hiyo ilikuwa halali na yenye saini halali. Machi 2025, kingavirusi ya Microsoft ilianza kuizuia draiva iitwayo WinRing0, inayotumiwa na programu nyingi za wachezaji za kuongoza feni na taa za kompyuta. Wengi walilalamika kwamba ni kengele ya uongo. Kwa kweli draiva hiyo haikuwa kirusi, lakini ilikuwa na tundu lililokuwa likijulikana tangu mwaka 2020, na yeyote aliyelijua angeweza kupitia humo.

Kwa watengenezaji wadogo tatizo ni la aina nyingine: hawana jina. Cheti cha kutia saini ya kidijitali kina gharama ya kila mwaka, na hata aliyekinunua huanza bila sifa. Kila anapotoa toleo jipya la mchezo wake, faili hubadilika na kuonekana geni upya. Anayerekebisha makosa kila wiki hushukiwa kila wiki. Wachezaji wake wa kwanza, ambao ndio wangempa sifa njema, ndio wanaokutana na dirisha la kutisha na kurudi nyuma.

Si kila kengele katika michezo ni ya uongo, na historia ina mifano ya kutosha. Mwaka 1998, toleo la majaribio la mchezo wa SiN lilisambazwa kutoka mojawapo ya tovuti zilizolinakili likiwa na kirusi cha CIH, ambacho Aprili 26, 1999 kilifuta data za kompyuta nyingi duniani na nyingine kuziua kabisa. Mwaka 2013, ESEA ya Marekani, iliyoendesha mashindano ya michezo, ilikiri kwamba programu yake ya kuzuia udanganyifu ilikuwa na msimbo uliozitumia kompyuta za wachezaji kuchimba Bitcoin bila wao kujua; kompyuta zipatazo 14,000 zilihusika, na suala hilo likaishia katika makubaliano ya dola milioni moja na jimbo la New Jersey.

Hata hivyo, hakuna kisa kinachostahili kusomwa kwa makini kuliko cha Crackonosh. Juni 2021, kampuni ya Avast ilitangaza kwamba imeifuatilia programu hiyo yenye madhara ndani ya nakala za wizi za michezo maarufu, ikiwamo Grand Theft Auto V, NBA 2K19, Far Cry 5 na The Sims 4. Ilikuwa imeingia katika kompyuta zaidi ya 222,000 tangu mwaka 2018 na kuwachimbia wenyewe sarafu ya Monero yenye thamani ya zaidi ya dola milioni mbili. Ujanja wake ulikuwa kuilazimisha Windows iwake katika hali ya usalama, ambamo kingavirusi nyingi hazifanyi kazi, kisha kuifuta kingavirusi iliyomo na kuweka mahali pake alama bandia ya kijani, ili mwenye kompyuta akitazama aone kwamba analindwa.

Crackonosh isingefika mbali bila msaada wa watu wenyewe. Nakala ya wizi ya mchezo karibu kila mara hupigiwa kengele, kwa sababu aliyevunja kufuli amelibadilisha faili kuu na kuiharibu saini yake. Kingavirusi huliita faili hilo jina la zana ya uvunjaji, hata kama halina kirusi. Kwa hiyo maelekezo yanayoambatana na nakala hizo huanza kwa sentensi ileile: zima kingavirusi kwanza, kengele utakayoiona ni ya uongo. Mara nyingine ni kweli. Lakini msambazaji aliyetia kirusi huandika sentensi hiyohiyo, neno kwa neno, na mchezaji hana namna ya kuwatofautisha kwa kusoma maelekezo. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako michezo mingi hufika nyumbani kwa flashi au diski ya nje ya fundi badala ya mtandao wenye gharama, sentensi hiyo husemwa kwa mdomo, na msemaji huwa ni mtu anayeaminika.

Duka rasmi nalo si dhamana kamili. Februari 2025, mchezo wa PirateFi uliondolewa katika duka la Steam baada ya kukutwa na programu ya kuiba taarifa, na Valve, mwenye duka, iliwashauri waliokuwa wameuwasha wafikirie hata kuusakinisha mfumo wa kompyuta upya. Mchezo wa BlockBlasters uliingia dukani humo Julai mwaka huohuo ukiwa safi. Sasisho la mwishoni mwa Agosti ndilo lililoingiza wizi. Mwathirika mmoja, aliyekuwa akirusha michezo moja kwa moja mtandaoni, alipoteza zaidi ya dola 30,000 alizochangiwa kwa ajili ya matibabu ya saratani.

Mtumiaji afanye nini basi kengele inapolia? La kwanza ni kulisoma jina lililotolewa, jambo ambalo wachache hulifanya. Jina lenye vipande kama Gen, Heur au Suspicious huashiria makisio. Katika majina ya Microsoft, herufi ml baada ya alama ya mshangao humaanisha kwamba uamuzi umetolewa na mashine iliyofundishwa, na jina la Wacatac lenye herufi hizo limeipata programu nyingi zisizo na kosa. HackTool humaanisha zana inayoweza kutumiwa vibaya, na PUA ni programu isiyopendeza, pengine inayokuja na matangazo. Lakini jina likiwa la ukoo unaojulikana wa wezi wa taarifa, kama RedLine, Vidar au Lumma, hapo si pa kubahatisha.

La pili ni chanzo. Faili lililotoka katika duka rasmi au tovuti ya mtengenezaji lina haki ya kudhaniwa safi zaidi kuliko lililotoka kwa mtu wa tatu. Kwa kubonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kufungua sifa zake, mtumiaji anaweza kuona kama lina saini ya kidijitali na ya nani. Saini si hati ya tabia njema, hata hivyo: mwaka 2022 vyeti vilivyoibwa kwa Nvidia vilitumika kutia saini programu zenye madhara.

La tatu ni kuomba maoni ya wengine. Huduma ya VirusTotal, iliyoanzishwa Málaga nchini Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, hulipitisha faili katika kingavirusi zipatazo 70 kwa mara moja. Kwa mchezo mkubwa hakuna haja ya kupandisha gigabaiti nzima; linatosha lile faili lililoshikwa, au hata alama yake ya utambulisho ya SHA-256, ambayo Windows yenyewe inaweza kuikokotoa kwa amri ya certutil.

Matokeo ya huduma hiyo yanahitaji kusomwa kwa busara. Kingavirusi mbili zisizojulikana sana, kila moja ikitoa jina lake la makisio, huku kubwa zote zikiwa kimya, ni dalili ya kengele ya uongo. Nyingi kubwa zikitaja ukoo mmoja, dalili ni kinyume chake. Lakini wingi wenyewe unaweza kudanganya. Baadhi ya kampuni hukodi injini ya kampuni nyingine. Ya Bitdefender ya Romania, kwa mfano, imo ndani ya kingavirusi kadhaa zenye majina tofauti. Kengele tano zinaweza kuwa kengele moja iliyosikika katika vyumba vitano.

Kuna pia kuigana. Kaspersky ya Urusi ililidhihirisha hilo mapema mwaka 2010 kwa jaribio lililozua mjadala. Ilitengeneza mafaili 20 yasiyo na madhara yoyote, ikayatangaza 10 kati yake kuwa ni mabaya, kisha ikayapeleka yote VirusTotal. Siku kumi baadaye, kampuni nyingine zipatazo 14 zilikuwa zimeanza kuyashika yaleyale 10 ambayo Kaspersky iliyasingizia. Inawezekana kabisa mchezo mdogo ukasingiziwa na kampuni moja Jumatatu na kuwa na sifa mbaya kwa kampuni nane ifikapo Ijumaa.

Kusubiri, kwa hiyo, ni kipimo kizuri ingawa si kamili. Faili likichunguzwa tena baada ya siku tatu au nne kwa taarifa mpya, kengele ya uongo kwa kawaida hupungua kadiri kampuni zinavyosahihisha, ilhali ya kweli huongezeka. Mchezaji mwenye haraka hatapenda ushauri huu. Na kimya nacho kisichukuliwe kuwa cheti: mwaka 2024 Check Point ilieleza juu ya GodLoader, iliyojificha ndani ya injini ya kutengenezea michezo iitwayo Godot na kuingia katika kompyuta zaidi ya 17,000 huku karibu kingavirusi zote zikiwa hazina habari nayo.

Ikishathibitika kwamba faili ni safi, hakuna sababu ya kuizima kingavirusi nzima. Faili lililoshikwa kwa kawaida halijafutwa, bali limewekwa karantini, na linaweza kurudishwa kutoka katika orodha ya historia ya ulinzi. Baada ya hapo faili hilo moja, au folda ya mchezo huo mmoja, huingizwa katika orodha ya vitu visivyokaguliwa. Kosa la kawaida ni kuiingiza folda nzima ya vitu vilivyopakuliwa, ambayo ndiyo mlango ambao kila kitu kipya hupitia.

Mchezo ulionunuliwa Steam hauhitaji kupakuliwa upya kwa sababu ya faili moja lililokosekana. Katika sifa za mchezo kuna amri ya kuhakiki mafaili, ambayo huyalinganisha yaliyomo katika kompyuta na yale ya duka, kisha huleta yaliyopotea au kuharibika tu. Badala ya gigabaiti 50, huenda zikahitajika megabaiti chache. Faili lirudishwe baada ya kuingizwa katika orodha hiyo na si kabla, la sivyo kingavirusi italikamata tena likiwa bado mlangoni.

Inabaki kazi ya kutoa taarifa. Microsoft, Kaspersky, Bitdefender, Avast na nyingine zina kurasa za kupokea mafaili yanayodaiwa kushikwa kimakosa, na taarifa huweza kutolewa na mchezaji wa kawaida, si lazima awe mtengenezaji. Kosa kubwa linaloonwa na mamilioni husahihishwa haraka: Septemba 4, 2022, kingavirusi ya Microsoft ilipoanza kuziita Chrome, Discord na programu nyingine za aina hiyo jina la kirusi Hive, sahihisho lilitolewa siku hiyohiyo. Mchezo wa vijana watatu hauna mamilioni ya kuupigia kelele, na faili lake hubaki katika orodha mbaya hadi atokee mtu wa kulipeleka.